Mwongozo Kamili wa Kukagua Mshahara wa Kiwanda cha Nguo na Kudai Uliopunjwa

Wafanyakazi wengi wa viwanda vya nguo hufika mbele ya mkaguzi wa kazi wakiwa na haki, kisha hurudi mikono mitupu kwa sababu ya hesabu. Huchukua fedha yote waliyopokea mwisho wa mwezi, pamoja na ya saa za ziada na posho ya mahudhurio, wakailinganisha na kima cha chini, wakaona imekizidi kidogo, na wakashindwa kueleza ni wapi walipopunjwa. Wengine wanajua kabisa kwamba wamepunjwa, lakini hawana hata ukurasa mmoja unaoonyesha waliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikwazo hivyo viwili. Kanuni inayoubeba wote ni hii: kima cha chini hulinganishwa na malipo ya saa za kawaida peke yake. Fedha ya saa za ziada ni malipo ya kazi nyingine, na haiwezi kutumiwa kuziba pengo la mshahara wa msingi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari dogo lenye kurasa zilizoshonwa. Karatasi huru huzua shaka, kwa kuwa mwajiri anaweza kudai kwamba zimeandikwa zote usiku mmoja.
- Mkataba au barua ya ajira. Kama hukupewa, kitambulisho cha kiwanda na ujumbe wowote wa maandishi kutoka kwa msimamizi.
- Hati za mshahara za miezi yote uliyonayo, pamoja na kumbukumbu za benki au za malipo ya simu kwa miezi hiyohiyo.
- Tangazo la serikali la kima cha chini linalotumika sasa, na lile lililolitangulia ikiwa dai lako linarudi nyuma zaidi ya tarehe ya mabadiliko.
- Kikokotoo. Kile cha kwenye simu kinatosha.
- Maandishi ya lebo ya nguo mnayoshona: jina la chapa, namba ya oda au ya mtindo, na namba ya RN kama ipo (namba ya usajili inayotambulisha kampuni ya Marekani inayohusika na nguo hiyo).
- Mwenzako mmoja au wawili wa laini ileile (safu moja ya mashine mnaposhona pamoja) walio tayari kuweka kumbukumbu zao wenyewe.

Usibebe nyaraka halisi za kiwanda kwenda nazo nyumbani, hata kama zinaonyesha uovu waziwazi. Mwajiri hataacha kukiita kitendo hicho wizi, na kuanzia hapo mazungumzo yote yatahusu wizi huo badala ya mshahara wako. Nakili kwa mkono kile ambacho una haki ya kukiona.

## Hatua ya 1: Tafuta kima kinachokuhusu wewe hasa

Kima cha chini si namba moja kwa wote. Mara nyingi hupangwa kwa sekta, kwa daraja la kazi na kwa eneo, na hubadilika kwa tarehe maalumu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika namba yoyote, jibu maswali manne: tangazo la viwanda vya nguo ni lipi, kazi yako imo katika daraja gani, kiwanda kiko katika eneo gani kwa mujibu wa tangazo hilo, na kima hicho kilianza kutumika lini. Tangazo hupatikana katika gazeti la serikali, ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi. Usitegemee namba iliyotajwa na supavaiza wala iliyosambazwa kwenye simu.

Swali linalofuata ndilo linalowakwamisha wengi: je, kima hicho kinajumuisha posho au posho hulipwa juu yake? Nchi hutofautiana sana hapa. Nchini Bangladesh, kima cha viwanda vya nguo kilichoanza Desemba 2023 kwa daraja la chini ni taka 12,500 kwa mwezi, na ndani yake mna mshahara wa msingi wa 6,700, nyumba 3,350, matibabu 750, usafiri 450 na chakula 1,250. Nchini Kambodia, kima cha sekta hiyo kwa mwaka 2025 kiliwekwa dola 208 kwa mwezi, na posho za mahudhurio na za usafiri au nyumba hulipwa nje ya kiasi hicho. Mfanyakazi wa Kambodia anayekubali posho zake zihesabiwe ndani ya kima amejipunja mwenyewe. Na yule wa Bangladesh anayesoma 12,500 kana kwamba yote ni mshahara wa msingi atadai malipo ya saa za ziada kwa kiwango ambacho mkaguzi atakikataa mara moja.

Tazama pia hila ya daraja. Kuna viwanda humwita mtu mwanafunzi au mfanyakazi wa majaribio kwa mwaka mzima ilhali anakalia cherehani, anatoa idadi sawa na wenzake na hakuna anayemfundisha. Kama sheria ya nchi yako imeweka ukomo wa kipindi cha majaribio, andika tarehe ukomo huo ulipopita, kwa kuwa kuanzia siku hiyo unadai kwa daraja la kazi unayoifanya.

Umefaulu hatua hii unapoweza kuandika sentensi moja kamili: daraja langu ni hili, kima changu kwa mwezi ni hiki, kilianza tarehe hii, na posho hizi zimo au hazimo.

## Hatua ya 2: Andika saa zako kila siku, siku ileile

Kila siku andika muda ulioingia getini, muda ulioanza kazi, mwanzo na mwisho wa mapumziko, muda uliozima mashine na muda uliotoka getini. Ongeza tageti uliyopewa, yaani idadi ya vipande unayotakiwa kufikisha, na idadi ya vipande ulivyotoa. Andika pia muda uliokaa bila kazi kwa sababu umeme ulikatika, mashine iliharibika au vitambaa havikuletwa kutoka sehemu ya kukata.

Sababu ya kuweka muda wa getini na muda wa mashine kando kando ni kwamba baina yake ndipo dakika nyingi hupotelea. Mfanyakazi hutakiwa afike mapema kusafisha mashine, ahudhurie kikao cha asubuhi cha laini, kisha jioni asubiri kukaguliwa mwili na mkoba. Dakika 20 kwa siku ni saa 2 kwa wiki ya siku sita, nazo huwa hazimo katika kadi yoyote. Ikiwa muda huo wote unahesabika kama saa za kazi hutegemea sheria ya nchi, lakini usipouandika hutakuwa na cha kumwonyesha anayeamua.

Kuna sababu nyingine nzito zaidi. Baadhi ya viwanda huweka vitabu viwili vya mahudhurio, kimoja cha kweli na kingine cha kuwaonyesha wakaguzi wa wanunuzi, ambacho kila mtu hutoka saa kumi na moja na Jumapili hakuna aliyekuja. Daftari lako likikubaliana na la mwenzako wa laini ileile, huku kila mmoja akiwa ameandika lake kwa mkono wake, kitabu hicho cha pili huanza kuyumba. Kwa hiyo msinakiliane. Tofauti ndogo za dakika mbili tatu ni za kawaida na huonyesha uaminifu. Madaftari yanayofanana neno kwa neno hayashawishi mtu.

Usiongeze dakika hata moja ambayo hukuifanya kazi. Kosa moja la kukusudia likigunduliwa, kurasa zote zilizosalia hupoteza uzito.

Wiki nne mfululizo zisizo na pengo zinatosha kuanza. Siku uliyokosa kazi nayo iandikwe, pamoja na sababu yake.

## Hatua ya 3: Pasua hati ya mshahara mafungu manne

Chukua hati ya mwezi mmoja na uigawe hivi: mshahara wa msingi, posho, malipo ya saa za ziada, na makato. Andika kila fungu kwenye mstari wake.

Kama hati yako ina jumla tu bila mchanganuo, hilo peke yake ni jambo la kulalamikia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, unaohusu ulinzi wa mishahara, unataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake na mchanganuo wake pale unapoweza kubadilika, na sheria za kazi za nchi nyingi zinadai hati yenye mchanganuo. Omba mchanganuo kwa maandishi mafupi ya heshima, weka tarehe, na ubaki na nakala. Ukinyimwa, nakala ya ombi lako itakuwa ushahidi.

Linganisha pia kiasi kilichoandikwa na kiasi kilichoingia kwako. Hati inaweza kuwa safi kabisa huku fedha iliyotumwa benki ikiwa pungufu.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa za kawaida

Hapa ndipo dai husimama au huanguka, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kwanza, tafuta kima cha saa moja. Kwa wiki ya saa 48, zidisha 48 kwa wiki 52 za mwaka, gawanya kwa miezi 12, nawe utapata saa 208 kwa mwezi. Namba hiyohiyo ndiyo inayotumika Bangladesh kukokotoa malipo ya saa za ziada. Kama sheria yako inaweka wiki fupi zaidi au imetaja kigawanyo chake yenyewe, tumia hicho cha sheria, hata kama hesabu yako inakuonyesha kingine.

Tuseme kima chako cha mwezi ni 10,400 kwa fedha ya nchi yako na kigawanyo ni 208. Kima cha saa ni 50. Mwezi huu umefanya saa zote 208 za kawaida na saa 52 za ziada, na sheria yako inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, yaani 75. Umepokea 13,000.

Mtu akitazama juu juu ataona kwamba 13,000 imezidi 10,400, atanyamaza. Lakini saa 52 kwa 75 ni 3,900. Toa 3,900 katika 13,000 na utabaki na 9,100 kwa saa za kawaida. Pengo ni 1,300 kila mwezi, na kwa mwaka ni 15,600, zaidi ya kima cha mwezi mzima na nusu.

Huenda hati ikasema kwamba msingi ni 10,400 kamili na saa za ziada ni 2,600, yaani 50 kwa saa. Jumla ni ileile 13,000 na pengo ni lilelile 1,300, ila sasa kosa liko kwenye kiwango cha saa za ziada. Dai lako lazima lifuate jinsi hati ilivyoandikwa. Ukidai upungufu wa msingi wakati hati inaonyesha msingi uliotimia, mwajiri ataonyesha mstari huo na kesi itaishia hapo, ingawa amekupunja kweli.

Kuhusu kiwango chenyewe, mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki, na nyongeza isiyopungua robo kwa saa za ziada katika hali zinazoruhusiwa. Nchi nyingi zimekwenda mbele zaidi, nusu au mara mbili. Tumia kiwango cha nchi yako, na uangalie kama siku ya mapumziko na sikukuu zina kiwango chao, kwani hapo ndipo hesabu ndogo ndogo hukusanyika kuwa fedha ya maana.

Hesabu imekaa sawa ikiwa mwenzako anaweza kuirudia mwanzo hadi mwisho bila wewe kumweleza, akafika kwenye namba ileile.

## Hatua ya 5: Kama unalipwa kwa kipande

Katika sheria za nchi nyingi, kulipwa kwa kipande ni namna ya kukokotoa mshahara na hakumwondolei mwajiri wajibu wa kutimiza kima cha chini. Vipande visipofikia kima cha saa ulizofanya kazi, mwajiri anapaswa kujazia.

Tuendelee na kima cha 50 kwa saa. Kwa wiki ya saa 48 unastahili angalau 2,400. Unashona kola kwa bei ya 0.4 kila moja, na wiki hii umetoa kola 5,600. Malipo ni 2,240. Umepungukiwa 160.

Jibu la kiwanda hujulikana: una mkono mzito. Usibishane kuhusu mkono wako. Tazama tageti. Kama tageti ya kiwanda chenyewe ni kola 110 kwa saa, basi mtu anayeifikia kila saa bila kukosa hupata 44, na 44 ni chini ya 50. Wewe umetoa wastani wa karibu 117, umeipita tageti, na bado hukufikia kima. Ili kukifikia ungehitaji kola 125 kila saa. Kwa hiyo tatizo liko kwenye bei ya kipande, na hoja hii ina nguvu kuliko zote kwa sababu inatumia namba za mwajiri mwenyewe. Ninaamini kila mfanyakazi wa kipande angepaswa kuifanya hesabu hii siku anapopewa mtindo mpya, kabla haijapita hata wiki.

Vipande ulivyotoa katika saa za ziada vitenge. Ukivichanganya na vya saa za kawaida, utajionyesha umefikia kima ilhali umekifikia kwa kukaa hadi usiku. Muda wa kusubiri kitambaa na wa kufumua kazi iliyokataliwa nao uonyeshe, kwa kuwa ulikuwa chini ya amri ya kiwanda muda wote huo.

## Hatua ya 6: Kagua makato moja baada ya jingine

Kwa kila kato, uliza ni sheria gani au makubaliano gani ya pamoja yanayoliruhusu. Mkataba namba 95 unaruhusu makato kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na unakataza kabisa kato linalomlipa mwajiri au wakala wake kwa ajili ya kupata au kubaki na kazi. Ada ya kuingizwa kiwandani, hata ikiitwa gharama ya mafunzo, iangalie kwa jicho hilo.

Makato yanayostahili shaka ni ya sindano zilizovunjika, nguo zilizoharibika bila kuthibitishwa aliyeziharibu, kuchelewa dakika 5 na kukatwa nusu siku, na kwenda msalani. Posho ya mahudhurio nayo huweza kutumiwa vibaya: mtu akiugua siku moja, posho ya mwezi mzima hufutwa. Angalia kama sheria ya nchi yako inaruhusu hilo.

Hakikisha pia kwamba michango ya hifadhi ya jamii iliyokatwa imefika kwenye mfuko husika. Omba taarifa ya michango yako huko kwenye mfuko, si kiwandani.

## Hatua ya 7: Weka kumbukumbu ya mazingira ya kazi

Wengi huacha sehemu hii kwa kudhani haihusiani na mshahara. Inahusiana sana. Mkaguzi akija kwa ajili ya mlango uliofungwa kwa kufuli anaweza kudai vitabu vya mishahara siku hiyohiyo, na hofu ya kupoteza mshahara ndiyo inayowabakiza watu ndani ya jengo bovu. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kesho yake, na manusura wameeleza kwamba baadhi yao walitishiwa kunyimwa mshahara wa mwezi. Jengo lilianguka asubuhi ya tarehe 24, na watu 1,134 wakafa.

Kwa hiyo andika kwa tarehe yale unayoyaona. Anza na njia za kutokea: ni ngapi katika ghorofa yenu, zinafunguka kwa kusukuma au zina kufuli wakati wa kazi, je, maboksi na marobota yamerundikwa kwenye ngazi, na mara ya mwisho mlifanya lini zoezi la kutoka. Katika moto wa kiwanda cha Triangle, New York, mwaka 1911, watu 146 walikufa, wengi wao wanawake vijana, na mlango wa ngazi mojawapo ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Mwaka 2012 zaidi ya watu 250 walikufa kwa moto katika kiwanda cha nguo mjini Karachi kilichokuwa na milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo. Mlango uliofungwa ndio wa kwanza kuripotiwa, na usingoje umalize wiki nne za daftari.

Baada ya hapo andika joto na hewa, hasa karibu na pasi za mvuke. Vumbi la pamba na kama barakoa hutolewa bure. Vikinga sindano na vikinga mkanda wa mashine kama vipo au vimeondolewa ili kuongeza kasi. Viti visivyo na mgongo. Maji ya kunywa. Vyoo na kama kwenda chooni kunahitaji kadi. Na jinsi mwanamke mjamzito anavyotendewa. Matusi, kushikwa mwili na kuombwa ngono ili upewe mkataba mpya yaandike na wakati, mahali na waliokuwepo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 190 wa mwaka 2019 unayahesabu yote hayo kuwa ukatili na unyanyasaji kazini, hata yakitokea mara moja tu.

Ikiwa hatari ni ya papo hapo, kwa mfano nyaya zinazotoa cheche au ukuta unaopasuka, toka kwanza kisha toa taarifa. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unataka mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa na ya karibu, kwa sababu za msingi, alindwe dhidi ya adhabu isiyostahili.

## Hatua ya 8: Andika dai kwenye ukurasa mmoja

Dai zuri huwa fupi. Juu weka jina lako, namba ya kazi, daraja, laini na tarehe ya kuajiriwa. Chini yake chora jedwali lenye safu sita: mwezi, saa za kawaida, saa za ziada, kiasi kilichostahili, kiasi kilicholipwa, na pengo. Mwisho andika jumla na unachoomba, kwa mfano kulipwa pengo la miezi sita na kurekebishwa kwa kiwango cha saa za ziada kuanzia mwezi ujao.

Matusi ya supavaiza yasiwekwe katika ukurasa wa mshahara. Yanastahili ukurasa wake. Ukiyachanganya, atakayejibu atachagua lile jepesi kwake na kuliacha lililo zito.

Kama wenzako wa laini wana pengo kama lako, kila mmoja awe na jedwali lake, kisha yawasilishwe kwa pamoja. Ni vigumu kumwita mtu mmoja mkorofi pale majedwali ishirini yanaposema jambo lilelile.

## Hatua ya 9: Lipeleke dai kwa mpangilio

Anza ndani ya kiwanda kama ni salama kufanya hivyo. Peleka kupitia mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ikiwa kipo, vinginevyo kwa ofisi ya utumishi, na uombe sahihi na tarehe ya kupokelewa kwenye nakala yako. Toa muda wa kujibiwa, wiki mbili kwa mfano, kisha songa mbele. Watu hupoteza haki zao kwa kuahidiwa mwezi baada ya mwezi, hadi muda wa kufungua madai uliowekwa na sheria umekwisha. Uliza ofisi ya kazi ukomo huo ni upi siku ya kwanza kabisa.

Kama unahofia kufukuzwa, nenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa kazi. Mkataba namba 81 wa mwaka 1947 unamtaka mkaguzi atunze siri ya aliyeleta malalamiko na asimwambie mwajiri kwamba ukaguzi umetokana na malalamiko. Mkumbushe wajibu huo kwa upole, na umwombe akague laini nzima au idara nzima, ili lisiwe jina lako peke yake linaloitwa.

Mwajiri akikwambia ulikubali mwenyewe kiwango hicho ulipotia saini, jibu lipo. Mkataba namba 131 wa mwaka 1970 unasema kima cha chini kina nguvu ya sheria na hakipunguzwi, na nchi zilizouridhia zinapaswa kuwa na adhabu kwa anayekikiuka. Saini yako haiwezi kuruhusu kile ambacho sheria imekikataza.

Njia ya tatu ni mnunuzi. Hapa ndipo lebo uliyonakili inapofaa, kwani inaonyesha nguo inakwenda kwa nani. Chapa nyingi kubwa zina kanuni za maadili kwa viwanda vinavyowashonea na njia za kupokea malalamiko. Na nchi zilizoridhia Miongozo ya OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) kwa kampuni za kimataifa zina ofisi maalumu ya kushughulikia malalamiko dhidi ya kampuni zake. Njia hii huenda polepole na ni vizuri ipitie chama au shirika la haki za wafanyakazi. Itumie pamoja na mkaguzi, si badala yake, kwa sababu mnunuzi anaweza kuamua kuhamisha oda, na hilo halimlipi mtu pengo lake.

Katika kipindi hiki chote, jihadhari na mambo matatu. Usijiuzulu kwa hasira. Usitie saini karatasi tupu, wala karatasi inayosema umelipwa haki zako zote kabla fedha haijafika mkononi. Na usiache kufikisha kazi yako ya kila siku, maana kiwanda kitatafuta sababu nyingine ya kukuondoa. Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 unataja wazi kwamba kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na nchi nyingi zina kifungu kama hicho katika sheria zao, hata baadhi ya zile ambazo hazikuuridhia.

Hatua imefaulu ikiwa una namba ya jalada au nakala iliyogongwa muhuri, jina na cheo cha aliyepokea na tarehe ya kurudi. Maneno ya mdomo kwamba suala lako linashughulikiwa hayatoshi.

## Hatua ya 10: Malipo yakitoka

Tia saini kwa kiasi halisi ulichopokea na uandike ni cha miezi ipi. Ikiwa ni sehemu tu ya dai, andika kwamba ni sehemu. Malipo ya awamu yawe na tarehe za awamu zote kwa maandishi.

Kisha endelea na daftari kwa miezi mitatu zaidi, ukikagua kila hati kwa hesabu ya Hatua ya 4. Kwa wanaolipwa kwa kipande, tazama tageti na bei kwa pamoja: kiwanda kinaweza kupandisha bei kidogo huku kikitaka vipande vingi zaidi, au kikabadilisha mtindo na kuanza upya na bei ya chini. Kwa wanaolipwa kwa mwezi, tazama posho. Msingi ukiongezeka kwa 1,300 na posho ya chakula ikapungua kwa 1,300 mwezi huohuo, pengo limehamishwa mstari tu. Peleka hati hizo mbili, ya mwezi wa kabla na ya mwezi wa baada, kwenye jalada lilelile badala ya kufungua dai jipya.